Malizia Sentensi

Sitaki kujitetea, kwa hiyo nianze na tabia yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha watu wazima, na subira sina. Mtu akianza, "Mwalimu, nilikuwa nataka kusema kwamba," mimi nishamkata kauli kabla hajafika kwenye "kwamba." Mume wangu husema nilizaliwa na kalamu nyekundu mkononi. Na mimi, bila haya, nilikuwa nalichukua hilo kama sifa.

Darasa langu liko ghorofa ya tatu, katika jengo la ofisi lenye ghorofa tisa. Mume wangu ndiye msimamizi wa jengo. Yeye ndiye mwenye funguo zote, anayegombana na wapangaji kuhusu maji, anayewaita mafundi, na ndiye aliyenitafutia kile chumba. Wanafunzi wangu ni watu wa mlemle ndani: dada wa mapokezi, wahasibu wawili, makarani wa ghorofa ya sita, dereva wa daktari wa meno, na fundi wa lifti. Tulikuwa tunakutana Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini.

Huyo Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mkimya kupindukia. Kabla hajagusa daftari lake alikwenda kunawa mikono, akirudi anazikagua kucha moja moja, ndipo anakaa, kiti cha karibu na mlango. Na alikuwa anakuja kwa ngazi. Jamani, tulimcheka! Fundi wa lifti anaikimbia lifti yake mwenyewe! Mimi ndiye niliyekuwa namchokoza kuliko wote. "Fundi, vipi, unaiogopa kazi ya mikono yako?" Darasa zima linaangua kicheko, yeye anatabasamu kidogo na kutazama chini.

Nilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukishavuka mlango wangu ni Kiingereza tu. Kiswahili kiache kwenye korido, utakichukua ukitoka. Ya pili, kila wiki uniandikie sentensi kumi za kweli kuhusu maisha yako na kazi yako. Sikutaka sentensi za paka amelala chini ya meza. Kama wewe ni dereva, niandikie gari. Kama wewe ni mapokezi, niandikie wageni wanaokujibu vibaya. Mtu hujifunza haraka anapoandika yanayomgusa, na hilo nalisimamia hadi leo.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa nasahihisha. Ukweli nilikuwa naudai, lakini kuusoma huo ukweli niliona si kazi yangu. Jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye kitenzi. Kiko sawa? Tiki. Hakiko sawa? Mstari, neno pembeni, twende inayofuata. Dereva wa daktari wa meno aliwahi kuandika kwamba mkewe amemkimbia na amebeba hadi mapazia; nilimpa tiki kwa mkewe na kumkosoa kwenye mapazia. Madaftari ishirini nilikuwa nayamaliza ndani ya saa moja, na bado chai yangu ina moto. Nilijiona bingwa.

Mwezi huo tulikuwa kwenye maneno mawili yanayowatoa watu jasho: *say* na *tell*. Nilisimama ubaoni nikiwa na raha zangu. Nikawaambia, jamani, hapa msihangaike, lugha yenu imeshawasaidia. *Say* ni kama "sema." Unaweza kusema peke yako, ukiutazama ukuta, ukaondoka, sentensi imekamilika. Ukitaka kumtaja aliyesikia, lazima umwekee kiunganishi katikati. Lakini *tell* ni kama "ambia," na hakuna "ambia" bila mtu ndani yake. Jaribuni. Nimeambia. Nimeambia nani? Haiji! Ni nimemwambia, nimekwambia, kaniambia. Mtu lazima awemo, na katika Kiingereza hukaa palepale baada ya kitenzi, bila kizuizi. Kibao cha mlangoni kinasema, hakimwambii mtu. Amri ni *tell*: bosi kaniambia nifagie. Maneno ya mtu kama yalivyotoka mdomoni ni *say*. Kisha kuna vichwa ngumu vichache, kama kusema ukweli na kusema uongo, ambavyo Waingereza wameamua ni *tell* hata kama hakuna mtu wa kuambiwa, na hayo mnakariri tu, msiniulize kwa nini.

"Kwa hiyo," nikamalizia, "kusema ni mdomo wako. Kuambia ni mdomo wako na sikio la mwenzako."

Walipenda hiyo. Fundi aliinakili neno kwa neno.

Wiki nne tukazungusha sentensi hizohizo. Jumatatu nakusanya madaftari, Alhamisi nayarudisha. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja niliyakusanya kama kawaida, nikayatupa juu ya meza ya chakula nyumbani, nikaenda kulala.

Kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi, simu ikalia. Mume wangu. Sauti ilikuwa inamtetemeka hadi nikadhani amefiwa.

"Lifti imeanguka," akasema.

"Lifti ipi?"

"Mke wangu, tuna lifti ngapi? Imeanguka kutoka ghorofa ya tano mpaka kwenye shimo. Mama wa usafi alikuwemo na ndoo zake."

Mama wa usafi! Yule mama mnene mwenye vicheko, aliyekuwa ananifutia ubao bila kuombwa na kuniuliza kila Alhamisi, "Leo umewachapa wangapi?" Nikakaa sakafuni jikoni, palepale nilipokuwa nimesimama.

"Amekufa?"

"Yu hai. Miguu yote miwili imevunjika, na nyonga. Wamempeleka hospitali. Polisi wamekwisha kumchukua Fundi." Hapo sauti yake ikapata nguvu. "Yule mjinga hakuniambia kitu! Kazi yake ni moja tu duniani, kuiangalia lifti, na hakuniambia kitu. Kama anasema aliniambia, karatasi iko wapi? Na aoneshe karatasi!"

Mimi nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nilipokata simu nilimtukana Fundi mbele ya masufuria. Ndiyo maana alikuwa anapanda ngazi, mshenzi mkubwa! Alijua, akanyamaza, akamwacha mama wa watu apande! Nilisema mengi mengine ambayo leo siwezi kuyarudia.

Saa nane mchana mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta mwanamke mwembamba anahema, mguu mmoja una kandambili ya bluu, mwingine una kiatu cha kufunga. Sikuwa namjua.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mke wa Fundi."

Marahaba ilinitoka kwa shida. Nikamwambia, "Dada, pole, lakini mimi siwezi kumsaidia. Hayo ni mambo yake na polisi."

"Sijaja kuomba msaada, mwalimu. Nimeruhusiwa kumwona dakika mbili tu. Kasema nije kwako nichukue daftari lake."

"Daftari?"

"La Kiingereza."

Nilimtazama nikadhani amechanganyikiwa. Mtu yuko ndani, mama wa watu yuko hospitali na miguu imening'inizwa, na huyu bwana anawaza masomo! "Mume wako yuko mahabusu," nikamwambia, "wewe unatumwa daftari? Anataka kufanya mtihani humo ndani?"

Hakukasirika. Alisimama vilevile, mikono ameishikanisha mbele. "Mimi Kiingereza sijui, mwalimu. Kasema tu: mwambie mwalimu anipe daftari, mwalimu anajua."

"Mwalimu anajua nini?"

"Sijui. Kasema unajua."

Nikamkaribisha akae, shingo upande, nikaenda mezani kulitafuta ili nimwondoe mlangoni kwangu. Lilikuwa la tatu kutoka juu, limefunikwa kwa gazeti, halina hata doa. Nikalifungua nikiwa nimesimama. Nilitaka tu kuona kama lina karatasi imefichwa, labda barua. Hakukuwa na kitu ndani ila sentensi zake na tiki zangu. Basi kwa mara ya kwanza tangu nimfundishe yule mtu, nikasoma alichoandika.

Nitawaandikia kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa safi, ndiyo maana sikuwahi kusimama.

Wiki ya kwanza. *Nilimwambia msimamizi kwamba kamba za lifti zimeanza kuchanika nyuzi.* Tiki. *Msimamizi alisema tutabadilisha baadaye.* Tiki. *Nilimwambia breki ya usalama ina kutu na haishiki.* Tiki. *Alisema mwenye jengo hataki kusikia habari hizo mwaka huu.* Tiki.

Wiki ya pili. *Nilimwambia msimamizi tuifunge lifti. Aliniambia nikiifunga sina kazi. Amechukua ufunguo wa chumba cha mashine.* Tiki, tiki, tiki. *Msimamizi aliniambia nisiwaseme wapangaji.* Hapo palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni mwandiko wangu mimi, ule wa kujidai wenye mikia mirefu: *Angalia! "Nisiwaambie wapangaji." Rudia mara tano.*

Na alikuwa amerudia. Mara tano, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. *Msimamizi aliniambia nisiwaambie wapangaji.* Na mimi nilikuwa nimezipa tiki zote tano.

Nikavuta kiti. Mke wa Fundi alikuwa ananitazama kutoka sebuleni.

Wiki ya tatu, baada ya sentensi saba za kamba na nyuzi, ya nane ilikuwa fupi sana. *Ninamwambia mwalimu.* Basi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeipigia mstari chini na kuandika kwa nyekundu: *Kumwambia nini? Malizia sentensi.*

Wiki ya nne alimalizia. *Ninamwambia mwalimu kwamba lifti itaanguka na watu watakufa, na ninamwomba amwambie mume wake.*

Tiki kubwa. Ilikuwa kubwa kuliko zote kwenye ukurasa, mkia wake umevuka mistari mitatu. Chini yake: *Vizuri sana! Kumi kwa kumi.* Na tarehe, maana mimi huweka tarehe kila mahali: Alhamisi, tarehe kumi na saba.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa jana, bado haujaguswa na kalamu yangu. Sentensi zilikuwa za kawaida kabisa, za mtoto wake kuota jino na mvua kuingia chumbani. Ya kumi ilisema: *Ninasubiri.*

Jumla tiki thelathini na nane, bila zile tano za kurudia. Nilizihesabu, nisiulizwe kwa nini.

"Limeandikwa nini, mwalimu?" akauliza yule mwanamke.

Nikalifunga daftari kabla sijamjibu.

"Subiri kidogo, dada," nikasema mwishowe. "Kaa. Subiri."

Hapo ndipo nikasikia gari la mume wangu. Aliingia mbio, shati limemlowa, akampita mgeni bila kumtazama usoni, akaenda chumbani kubadilisha nguo kwa sababu mwenye jengo alikuwa anakuja na mtu wa bima. Nikamfuata na daftari nimelikumbatia, nikafunga mlango.

Na kabla sijasema neno, kuna jambo likanijia. Mwezi mmoja nyuma, bwana huyu aliniambia nimeanza kunenepa. "Mke wangu, umejazia. Acha lifti, panda ngazi, ngazi ni dawa." Tuligombana siku tatu. Nilimnunia, nikampikia chakula bila chumvi makusudi, kisha nikatii, nikawa napanda ngazi na madaftari yangu, nahema na kumlaani.

"Baba watoto," nikasema. "Kwa nini ulinikataza lifti?"

"Lifti gani tena? Mke wangu, sina muda."

"Ulisema nimenenepa."

Alikuwa anafungua vifungo. Vidole vikasimama kwenye kifungo cha tatu. Nimeishi naye miaka kumi na sita.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua, ukanitoa mimi, ukawaacha wengine wapande."

"Nani kakuambia?"

Siyo "si kweli." Siyo "unasema nini wewe." Nani kakuambia! Nikamwonesha daftari.

Akaketi kitandani, akalisoma. Kiingereza anakijua vizuri, ndicho kilichotukutanisha. Alisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikamtazama uso wake ukibadilika rangi. Halafu, kwenye ule ukurasa wa tiki kubwa, alitulia. Akainua macho, na nikaona kitu ambacho sikutarajia kukiona. Niliona ahueni.

"Huu mwandiko wa nani?" akauliza.

Nikaitazama mikia yangu mirefu.

"Si wako huu? 'Vizuri sana, kumi kwa kumi'?" Alisema polepole, bila kelele. "Mimi aliniambia kwenye korido, hakuna shahidi. Wewe alikuandikia, na ukaweka tarehe. Ukilipeleka hili polisi, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Nani atakuamini kwamba umesoma sentensi arobaini na hukuona kitu? Mwalimu mzima!"

"Sikuona."

"Najua hukuona. Nakujua. Wao hawakujui." Akanishika mkono, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Sikiliza, mama watoto. Mwenye jengo ndiye aliyekataa. Mimi ningefanya nini? Fundi atakaa ndani wiki moja mbili, bima italipa, yule mama atatibiwa, maisha yataendelea. Hili ni daftari tu. Madaftari yanapotea kila siku. Tuna watoto."

"Na wa Fundi anaota jino," nikasema.

"Nini?"

"Hakuna."

Sitawaficha, nilisita. Nilisimama pale nikawaza watoto wangu, nikawaza jina langu, nikawaza dada wa mapokezi atakavyosimulia. Nilisita kwa muda uliomtosha yeye kuvua shati, kuvaa jingine na kufunga vifungo vyote. Alipomaliza akanyoosha mkono, kama vile jambo limekwisha, nimpe daftari alitie kwenye mkoba wake.

"Wewe ulinitoa mimi kwenye lifti," nikamwambia, "kwa sababu ni mke wako. Yule mama wa usafi si mke wa mtu?"

"Usianze makelele. Kuna mgeni."

"Huyo mgeni ni mke wa Fundi!"

Nikafungua mlango kwa nguvu hadi kitasa kikagonga ukuta. Yule mwanamke alikuwa amesimama katikati ya sebule na kandambili yake ya bluu, amesikia yote, machozi yanamtiririka na hajayafuta. Mume wangu aliniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hajalitumia tangu tulipooana. Sikugeuka. Nilimshika dada wa watu mkono tukatoka.

Kituoni tulimkuta afande wa zamu, mtu mzima mwenye miwani, ameweka mbele yake kitabu kikubwa cha maelezo. Nikamwambia nimeleta ushahidi kwamba Fundi alitoa taarifa. Akafungua daftari, akaligeuza, akalirudisha kwangu.

"Nisomee wewe, mwalimu. Tafsiri, mimi naandika."

Nikasoma. Kamba, breki, kutu, ufunguo wa chumba cha mashine. Kalamu yake ilikuwa inakwenda. Kila nilipofika kwenye nyekundu niliruka. Nilijaribu, nawaambieni ukweli. Nilifika kwenye *Ninamwambia mwalimu,* nikageuza ukurasa haraka.

"Rudi," afande akasema. Akaweka kidole. "Na hiyo nyekundu inasemaje?"

"Hayo ni masahihisho tu, afande."

"Nimeuliza inasemaje."

"Inasema..." Nikainamia ukurasa. "Inasema, kumwambia nini, malizia sentensi."

Akacheka. Kicheko cha kweli, cha mtu anayekumbuka walimu wake. Kisha akafikiria, kicheko kikamwisha taratibu, akavua miwani. "Haya. Akamalizia?"

"Alimalizia."

"Soma."

Nikasoma. Nikasoma na tiki, nikasoma na kumi kwa kumi, nikasoma na tarehe. Askari mwingine aliyekuwa anakunywa maji pale nyuma aliacha kunywa. Mke wa Fundi alinitazama, na katika macho yake nikaona anaelewa sasa kwa nini mumewe alisema mwalimu anajua. Natamani angenizaba kofi. Alisogea tu, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Wakamleta Fundi. Alikuwa peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda wamemvua. Kitu cha kwanza alichokitazama ni daftari. Alipoliona mezani akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea.

"Asante, mwalimu," akasema. "Nilijua utalileta."

Asante! Nilipandwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. "Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?" nikafoka. "Mimi nakuona mara mbili kwa wiki! Kwa nini hukuja ukaniambia kama watu wanavyoambiana?"

"Nilikuja, mwalimu."

"Ulikuja lini?"

"Ile Alhamisi ya mwanzo, wenzangu walipotoka. Nikasema, mwalimu samahani, nina jambo. Ukaniambia, kwa Kiingereza tafadhali." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananikumbusha kama mtu anayemsaidia mwenzake kutafuta kitu kilichopotea. "Sikuwa nayo maneno. Nikaenda kuyatafuta."

Nilikumbuka. Alisimama mbele ya meza yangu, midomo inatikisika, na mimi nilikuwa nafunga mkoba. Nilidhani anataka ruhusa ya kukosa kipindi.

Afande alikuwa ametulia na kalamu yake. Fundi akasogeza kiti, akakaa, suruali ameishikilia bado.

"Nilikuwa nimeandika na barua, mwalimu," akasema. "Tisa. Kwa Kiswahili, herufi kubwa: lifti ni mbovu, usipande. Moja kwa kila ghorofa. Nilikuwa nizibandike Ijumaa alfajiri kabla msimamizi hajafika. Nilishasema, kazi na iende. Mke wangu aliniona nazo."

Mkewe akatikisa kichwa, ndiyo, kule mwisho wa benchi.

"Sasa Alhamisi ukanirudishia daftari. Nikafungua palepale mlangoni. Nikaona umesoma, umeweka tiki kubwa, umeandika vizuri sana." Akatazama mikono yake. Kucha zilikuwa chafu siku hiyo, za shimo la lifti. Waliniambia baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka kumtoa yule mama. "Nikafurahi, mwalimu. Nikasema, sasa anajua mke wa msimamizi, mzigo si wangu tena. Nikafika nyumbani nikazichana zile barua zote tisa, nikalala."

Mimi nilimwona akilini mama wa usafi anaingia kwenye lifti na ndoo zake, na mlango mtupu nyuma yake, bila karatasi.

Afande akavaa miwani. Akafungua ukurasa mpya wa kile kitabu kikubwa, akapiga mstari juu kwa rula, akaniashiria kiti.

"Haya, mwalimu. Sasa wewe. Uliambiwa lini?"

Nikakaa.

"Alhamisi," nikasema. "Niliambiwa Alhamisi."